Kitenge Kisicho na Sura ya Bwana Meli

Na kuhusu picha ya Bwana Meli, mume wangu, nimeshaamua. Ila kwanza niambie umeamkaje, na kama kikohozi cha Bibi kimepungua. Mimi mzima, namshukuru Mungu, nakuwaza mpaka wafanyabiashara wenzangu wa hapa Sanyuanli wananitania: "Bi harusi, utakonda kwa ajili ya mtu mmoja!"

Jana nilikwenda kwa laoban, yaani bosi kwa Kichina, yule mama mwenye kiwanda cha vitenge, kuagiza sare za sherehe ya shule. Nikampa picha mbili alizonifungia Baba mkwe pamoja na ile historia ya Bwana Meli.

"Rafiki, hawa ndugu?" akauliza.

"Mtu mmoja huyo."

"Huyu anacheka. Huyu hapana."

Nikamsimulia kama Baba alivyoandika: Mwingereza, aliingia jeshi la majini angali kijana, akaletwa ziwani kwetu kupigana na meli za Wajerumani. Vita vilipokwisha hakurudi kwao. Akavua kofia ya ubaharia akawa Bwana Disii wetu, mkuu wa wilaya, miaka mingi, akajenga barabara, gati na shule, kisha akastaafu, akafia Uingereza. Kamati ya sherehe inataka kitenge kiwe na ile picha ya udisii, yenye kofia nyeupe.

Hapo nikamkumbuka Bibi, siku uliponipeleka kumwamkia. Aliushika mkono wangu, akasema, "Mjukuu wangu, barabara hiyo baba yangu aliibebea mawe kwa amri yake, akarudi bega limevunjika. Wanangu wamesoma shuleni kwake, sikatai. Lakini kumfunga kiunoni mwangu, hapana." Wewe ulicheka, mpenzi. Mimi sikuweza.

Nilifikiria picha ya kijana wa meli, anayecheka. Nikaona ni yule yule tu. Basi nimeagiza kitenge chenye picha ya shule, na ule mlango wake wa mawe. Maisha yake Baba atayasoma siku ya sherehe, ubaharia na udisii, na nimemwomba aandike na bega lile.

Najua wewe ndiye katibu na kamati haijakubali. Lakini siwezi kumletea Bibi, aliyeniita mjukuu siku ya kwanza, nguo asiyoweza kuivaa.

Nisalimie Baba mkwe, mwalimu wetu mstaafu, Mama anayenihifadhia dagaa, na wifi Neema, fundi wetu wa cherehani. Wanakamati wakinuna, waambie wanisubiri mimi, wasikugombeze wewe. Nakuja mwenyewe na majora yote, kabla mwezi huu haujaisha.

Mkeo akupendaye mno,
Eliza