Ukurasa wa Tisa wa Tuzo

Ghorofa ya Juu,
S.L.P. 417.
14 Agosti

Mpendwa Dada,

Hujambo, na mumeo hajambo? Goti lako limepoa, au bado unatembea kwa kushika ukuta? Sisi miili ni mizima, na watoto wanakula kama mchwa. Ni moyo tu uliobanwa.

Unajua tunakaa juu kwa kaka wa mume wangu, na chini ndiko alikokuwa na mashine sita za kufuma masweta, za kampuni ya ng'ambo. Walizozana kuhusu vipuri, na mkataba ulisema ugomvi wowote uamuliwe na wasuluhishi huko kwao. Shemeji hakwenda. Wakatoa tuzo, ndivyo wanavyouita uamuzi wao: mashine zirudishwe. Akacheka tu. "Karatasi ya ng'ambo itanifanya nini hapa?"

Kumbe kampuni iliileta tuzo Mahakama Kuu ya huku isajiliwe, ili iwe na nguvu kama hukumu ya hapa. Lazima itafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa, na kwa lugha ile aliyeapishwa ni mimi peke yangu. Nilimweleza msajili kwamba huyu ni shemeji yangu. Akasema nitafsiri, atatafuta wa kuihakiki.

Shemeji alibaki na kinga moja. Aliapa kwamba hakuarifiwa kuhusu shauri lile, na mtu asipoarifiwa, mahakama inaweza kuikataa tuzo. Nilimwamini, mpaka nilipofika ukurasa wa tisa: wito ulifikishwa nyumbani, ukapokelewa na mwanamke, na sahihi yake hii hapa.

Dada, sahihi ni yangu. Nikaikumbuka ile bahasha nene. Nilimkabidhi shemeji mkononi, akairusha juu ya kabati bila kuifungua.

Nilimwendea. "Ruka mstari huo mmoja," akaniambia kwa upole. "Nani atajua?" Mume wangu alikaa katikati yetu akitazama vidole vyake. Nikiuruka, nimevunja kiapo. Nisipouruka, nitaendelea kulala kwenye nyumba ya mtu niliyemzamisha.

Sikuuruka. Jaji aliponiuliza, nilijibu kwamba ni mimi niliyepokea. Tuzo ikasajiliwa, na wiki iliyofuata mashine zikabebwa zote. Tangu hapo shemeji hakunisalimu. Kuhama nako hatuwezi, mume wangu hataki kumwacha kaka yake wakati huu.

Jana ndipo alipopanda huku juu. Anataka kuiomba kampuni imrudishie mashine mbili kwa mkataba mpya, nami niwe mdhamini wake.

"Mimi hawaniamini tena," akasema. "Wewe wanakuamini."

Mume wangu hakuinua uso. Nimekubali, Dada. Ningesemaje?

Nisalimie mama mdogo, na huyo mtundu wako kitinda mimba. Mungu akuweke, akupe usingizi mwema kuliko wangu.

Mdogo wako asiyekusahau,
Kasuku