Nilichelewa Kumwandikisha Mbodze

Mama Mbodze,

Mtoto ameondoka. Nimekuja kaburini kwako mara mbili kukuambia, na mara zote mbili nimeng'oa majani tu nikarudi nyumbani. Labda kalamu itasema yale ambayo mdomo umeyakataa. Na kama kuna mwingine anayelea mtoto kama nilivyolea mimi, naye asome.

Ulipohamia hapa kijijini Wema kufundisha chekechea, ulikuwa mgeni kutoka Kilifi, na Mbodze ulimbeba mgongoni hadi darasani. Baba yake aliwaacha kabla hajaanza kutambaa. Hukunificha kitu. Ulinieleza yote siku ile niliyokuletea ndizi kutoka shambani, ukasema nikikutaka wewe nijue kwamba mko wawili. Nikakujibu kwamba hata ndizi nilizileta za wawili. Ulicheka mpaka watoto wa darasa wakacheka bila kujua sababu.

Unakumbuka mafuriko yaliyotutoa kijijini? Nilimbeba Mbodze mabegani, maji yakinifika kifuani, naye ameshika masikio yangu yote mawili kama usukani wa baiskeli. Kule kambini, mama aliyekuwa akiandika majina ya waliookolewa akamuuliza anaitwa nani. "Mbodze Jilo," akajibu, kabla wewe hujafungua mdomo. Jina langu. Hakuna aliyemfundisha. Niligeuka nikajifanya natazama mahema. Ukaninong'oneza, "Mtoto amejiandikisha mwenyewe. Sasa na wewe umwandikishe."

Nikasema nitafanya, tukishavuna.

Tulivuna mara nyingi, mke wangu. Kila ulipolitaja jambo la kumuasili kisheria, nilikuwa na jibu. Kwani kuna mtu aliyenikataza kumlea? Anakula kwangu, analala kwangu, akiugua ni mimi ninayempeleka zahanati. Karatasi ingeongeza nini? Nilidhani nasema kwa upendo. Leo najua kulikuwa na kiburi ndani yake, na uvivu, na woga wa ofisi wa mtu aliyeishia darasa la sita. Ningekuambia tu kwamba naogopa, ungenishika mkono.

Mwishowe ulikwenda Garsen peke yako. Ulimpata wakili, ukaelezwa kwamba tuombe sote wawili kama mume na mke, tuwe na barua ya chifu na cheti cha ndoa, na ombi likishawekwa, baba mzazi atafutwe aulizwe kama anakubali. Barua na cheti ulivihangaikia wewe. Kilichobaki ni mimi kwenda kwa wakili kuapa na kutia saini. Siku hiyo maji yalikuwa yamepungua shambani, na mpunga haungoji mtu. Nikakuambia tutakwenda wiki ijayo. Ulivua viatu vyako vya safari ukavisukuma chini ya kitanda.

Wiki iliyofuata tulikuwa hospitali, na daktari akaniambia una uvimbe, na kwamba ulikuwa nao muda mrefu. Ndipo nilipoelewa kwa nini ulikuwa na haraka. Siku zako za mwisho hukulitaja tena. Afadhali ungenigombeza.

Tulipokwisha kukuzika nilikwenda mwenyewe kwa yule wakili, nimevaa shati la harusi yetu. Alinipa pole, kisha akaniambia mambo yamebadilika. Sasa nilikuwa mwanamume peke yangu ninayeomba mtoto wa kike, na sheria haikubali hivyo ila kwa sababu ya pekee. Nikamwambia sababu ninayo, mimi ndiye baba yake. Aliandika, hakubisha. Lakini baba mzazi ilibidi apelekewe taarifa, na taarifa hiyo, niliyoiomba mimi, ndiyo iliyowaonyesha watu wa kwao mlango wetu.

Wa kwanza kuja alikuwa mama wa huyo baba mzazi, bibi Mbodze, ambaye mtoto alipewa jina lake. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa. Alinisalimu vizuri, akakaa kwenye mkeka wako, akakulilia. Kisha akasema, "Nimemfuata somo wangu. Umelea, na Mungu akulipe. Lakini mtoto ana kwao."

Mahakamani baba mzazi alifika na cheti cha kuzaliwa chenye jina lake. Mbodze aliulizwa, akasema anataka kubaki na mimi. Alisema akiwa wima, mikono nyuma, kama ulivyomfundisha kujibu darasani. Jaji alikuwa mtu mpole. Alisema hakuona ubaya wowote kwangu. Ila mtoto ana baba aliye hai anayemtaka, ana bibi aliye tayari kumlea, na mimi sikuwa na karatasi hata moja yenye saini yangu kuonyesha kwamba niliwahi kumuomba wakati mama yake yu hai. Niliinama. Alikuwa amesema kweli.

Asubuhi ya kuondoka nilimsaidia kukunja nguo. Ana miaka kumi na mmoja sasa, amerefuka, na akifikiri huinua kidevu kama wewe. Akaniuliza bila kunitazama, "Baba, mama alikuambia mara ngapi?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia, "Mara nyingi."

Hakulia. Alimaliza kukunja, akafunga begi, akaenda kusimama nje na bibi yake kungoja pikipiki. Mimi nilibaki nimeshika soksi moja, nikitafuta ya pili, mpaka nikasikia wameondoka.

Watu wananiambia nikate rufaa. Wakili naye anasema njia ipo, ingawa ni nyembamba. Sijui. Ameshaanza shule huko. Nikimrudisha mahakamani asimame tena aulizwe anamtaka nani, nitakuwa namfanyia yeye au najifanyia mwenyewe? Mambo kama haya nilikuwa nakuuliza wewe. Jumapili siendi tena kanisani, kwa maana kwaya ya watoto husimama mbele, na pale alipokuwa akisimama hawajaweka mtu. Shambani naenda kwa sababu miguu imezoea. Nikifika nakaa ukingoni mwa mto mpaka jua liwe kali, kisha narudi, jembe halijagusa udongo.

Jumamosi alipiga simu, kwa simu ya bibi yake. Nyuma yake nilisikia watu wengi, na vyombo, na watoto wakigombania kitu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetazamwa.

"Shikamoo, mjomba," akasema.

Nilingoja kidogo, nikidhani atajirekebisha. Kisha, asije akapata taabu mbele ya watu wake, nikamwitikia marahaba.

Ukiweza huko uliko, nisamehe. Usipoweza, nitaelewa.

Ni mimi, mumeo.