Mume Wangu Ndiye Diwani, Kura Nimepiga Mimi

Mshauri wangu mpendwa,

Nisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana ikifika kabla ya jibu lako mimi na mume wangu tutachekwa mji mzima, na kuchekwa ndiyo nafuu, kuna watu huenda wakalala nje kwa sababu yangu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule nyumbani, na mume wangu ni diwani. Kabla ya yote ujue kwamba nina sauti nzito. Siyo ya kukwaruza, ni nzito tu, tangu utotoni, kwenye kwaya ya shule walinipanga nyuma na wavulana, na hadi leo nikipokea simu ya mume wangu watu hunisalimia "habari za kazi, mheshimiwa," nami najibu nzuri, nampa simu mwenyewe.

Sasa mto ulipofurika, ukumbi wa baraza la mji ukaingia maji hadi kwenye viti, na meya akatangaza kwamba kwa kuwa ni dharura vikao vitafanyika kwa simu, kila diwani nyumbani kwake, ila kwa kuwa wananchi wana haki ya kusikia baraza lao linasema nini, vipaza sauti vitafungwa kituo cha mabasi. Mshauri, hakuna aliyekaa akafikiria maana ya jambo hilo. Siku ya kwanza tu mji mzima ulimsikia diwani mmoja akigombana na mkewe juu ya ufunguo wa kabati, mwingine akakoroma katikati ya hoja ya maji safi, na karani wa baraza akasimamisha kikao kuuliza ni mheshimiwa yupi anayewasha pikipiki chumbani, kumbe ni cherehani yangu. Watu wakawa wanaacha basi liondoke ili wasikilize kikao.

Mume wangu naye alishinda ukingoni mwa maji akipiga kelele kuwaelekeza watu wapite wapi, akanyeshewa, akaamka kesho yake sauti imekwenda, ukimsikia utadhani tairi linatoa upepo. Kikao kinaanza, karani anaita kata moja moja, asiyeitika anahesabiwa hayupo, na waliopo wakipungua akidi haitimii, hakuna kinachopita, si chakula si dawa. Mume wangu akanisukumia simu huku akijionyesha kidole kooni. Karani akaita, "Diwani wa kata ya juu?" Nikasema, "Nipo." Neno moja, mshauri, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Lakini baada ya kuitana majina huja kura. Hoja ya siku hiyo ilikuwa watu wa kata ya chini, ambao nyumba zao zilimezwa na maji na walikuwa wamelundikwa kwenye madarasa ya shule yenye paa linalovuja. Wapo waliotaka wahamishiwe ukumbi wa sherehe, ule mkubwa wa manispaa wenye zulia jekundu, lakini ukumbi huo umekodishwa kwa shemeji yake naibu meya, na naibu meya akazungumza kwa uchungu sana juu ya lile zulia, jinsi lilivyosafirishwa, jinsi lisivyotaka unyevu, nikadhani atalia. Mume wangu ana urafiki na naibu meya. Akachukua chaki yangu ya kukatia nguo, akaandika kwenye kitambaa cha sare HAPANA, akakinyanyua mbele yangu kwa mikono miwili.

Nikakitazama kile kitambaa. Kilikuwa cha sketi ya binti wa mteja wangu mmoja, mama wa kata ya chini, ambaye asubuhi ile alipita kuniambia nisiharakishe tena, hana pa kuiweka sketi, na mtoto mwenyewe anakohoa. Karani akaita kata yetu. Nikasema, "Ndiyo." Na ningeishia hapo ningekuwa na nafuu, lakini mdomo ulishafunguka, nikaendelea: "Zulia likilowa litaanikwa juani. Mtoto akilowa kila usiku mtamwanika wapi?"

Kupitia simu nikasikia kituo cha mabasi kikishangilia. Hoja ikapita kwa kura moja, yaani yangu, yaani yake, na mume wangu ameshika kitambaa chake, mdomo wazi, anatoa upepo tu.

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alipotoka kwenda dukani watu wakamshika mkono, wakambeba juujuu, akina mama wakamwita mtetezi, naye hana sauti, kazi yake kutikisa kichwa kwa unyenyekevu, na unyenyekevu huo ukazidi kumpandisha. Alirudi anang'aa. Kikao kilichofuata akaniwekea simu mwenyewe, akanivutia na kiti. Nikasemea maboza ya maji, nikasemea vyoo, nikamuuliza mkurugenzi mbona mahema yanashushwa kwanza kwenye mtaa usioguswa na maji, na mahema yakahamishwa. Mshauri, nakueleza ukweli wote ili unishauri kwa haki: nimeonja utamu. Wakisema "mheshimiwa diwani ana hoja" moyo unanipiga kama wa msichana.

Halafu juzi napita mlango wa bafuni na ndoo ya nguo, nasikia mtu anaimba. Anaimba vizuri kabisa, na madoido juu. Nikafungua mlango.

"Baba watoto, sauti imerudi lini?"

"Ile... inakuja na kwenda, mama watoto."

"Nakuuliza imerudi lini."

"Wiki iliyopita," akasema, povu machoni. "Sasa ningefanya nini? Wewe unasema, mimi napongezwa, naibu meya akinijia juu namwonyesha koo. Mambo yalikuwa yamekaa vizuri."

Sasa ukumbi wa baraza umekauka. Jumatatu kikao kinarudi ana kwa ana, na kwa taratibu maamuzi yote ya dharura lazima yathibitishwe hapo. Naibu meya amekwishatangaza kwamba atapinga lile la ukumbi wa sherehe, na watu wamepanga kujaa kumsikia diwani wa zulia. Mume wangu ana wazo, na wazo lenyewe ni kwamba yeye akae kitini na simu kwenye mfuko wa koti, mimi niseme nikiwa nyumbani, yeye awe anafungua mdomo. Nikisema ukweli, kura ile itafutwa, zile familia zirudishwe kwenye paa linalovuja, na mume wangu apoteze kiti. Nikinyamaza, kila nikikutana na yule mama wa sketi nitatazama chini. Nifanyeje?

Fundi Mwenye Sauti Nzito

*

Fundi,

Barua yako nimeisoma nikicheka, kisha nikairudia bila kucheka. Nimekupigia simu leo hii badala ya kusubiri gazeti, na uliponiitikia nilisema "shikamoo baba," kwa hiyo kuhusu sauti tusibishane. Haya niliyokwambia nayaandika na hapa, maana wapo wengine wanaosemea wenzao bila hata mafuriko.

Kwanza pole. Ulibanwa, ukamwitikia mgonjwa, na neno "nipo" nakusamehe. Lakini kura siyo kandambili za mlangoni kwamba anayewahi kutoka ndiye anavaa. Watu wa kata yenu walisimama kwenye foleni wakamchagua mumeo, pamoja na urafiki wake na mazulia yake. Wewe hukuchaguliwa. Hoja yako ilikuwa nzuri, kiti kilikuwa cha mwenzako. Ungekuwa umesema upuuzi ungeona kosa lako siku ileile. Kwa kuwa ulisema la maana, ikakuchukua muda.

Tena usiniambie ni kwa ajili ya yule mama peke yake. Kura ya kwanza ilikuwa ya yule mama. Maboza na mahema yalikuwa ya kwako, umeandika mwenyewe kwamba umeonja utamu. Sikulaumu kwa kuonja, nakulaumu kwa kuonjea kwenye sahani ya watu.

Na huyo mwimbaji wa bafuni mpe simu asikie, nitasubiri. Mheshimiwa, mji uko majini, watu wanalala juu ya madawati, wewe unajificha nyuma ya koo zima? Dharura ndiyo wakati ambao diwani anatakiwa asikike. Baraza lilifunga vipaza sauti ili wananchi wajue nani kasema nini, na wewe ukaugeuza ule uwazi kuwa pazia. Hilo la simu mfukoni sitalijadili. Mtu mzima kufungua mdomo kama samaki mbele ya wapiga kura wake!

Sasa sikilizeni wote wawili. Kabla ya Jumatatu, mumeo aende kwa meya na karani, mchana, kwa miguu yake, aseme yaliyotokea, asikutupie wewe mzigo. Aombe kura ile irudiwe mbele ya watu. Unaogopa itafutwa? Fundi, kura ya namna ile siku yoyote ingefutika, naibu meya angenusa tu harufu yake, na hapo familia zingetolewa bila mtu wa kuzitetea. Bora ianguke leo, wakati maji bado yako kwenye kumbukumbu za watu.

Wewe nenda kwenye ukumbi wa sherehe. Waambie wale watu kwa mdomo wako kabla hawajayasikia sokoni, na usiende na maneno matamu. Watakukasirikia, vumilia. Kisha waombe waje kikaoni, waje na watoto wao. Wananchi wana nafasi ya kusema kabla ya kura, na hakuna anayeweza kueleza paa linavyovuja kuliko aliyelala chini yake. Wewe kaa kwenye viti vya wasikilizaji, na utakapowashwa kusema, uma kitambaa.

Na kama udiwani unautaka, usione haya kuutaka. Uchaguzi unakuja, kitambulisho unacho. Ugombee kwa jina lako mwenyewe, ushinde au ushindwe mchana kweupe.

*

Wasomaji, kabla ukurasa huu haujaenda mtamboni fundi ameniletea majibu. Nayaweka yote, sijapunguza neno.

Mshauri, tulikwenda. Meya alimsikiliza mume wangu hadi mwisho, akavua miwani, akauliza, "Kwa hiyo aliyenigombeza juu ya vyoo ni nani?" Mume wangu akasema ni mimi. Meya akasema alijua tu kuna kitu, huyu bwana hajawahi kuuliza swali la vyoo tangu aingie barazani.

Pale ukumbi wa sherehe hawakunipokea vizuri. Mama wa sketi akasema, "Kwa hiyo tumelala hapa kwa kura ya uongo." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ungetuambia mapema tungekwenda kuomba ya kweli." Lakini Jumatatu alikuja, na walikuja wote.

Baraza lilijaa hadi ngazini. Mume wangu alisimama akasema yote, kwa sauti yake, na watu walicheka hadi karani akagonga meza. Akaadhibiwa kukaa nje ya vikao viwili, kuanzia hapohapo, kwa hiyo hata kura ile hakupiga. Kwa mara ya kwanza tangu mafuriko nyumba yetu haikuwa na kura, si yake si yangu, tumekaa tu nyuma kama watu wa kawaida.

Naibu meya akasema ya zulia. Kisha mama wa sketi akaomba nafasi. Hakutoa hotuba, mshauri. Alisema tu kwamba wamepanga zamu, kila jioni wanalifagia lile zulia na kulikunja pembeni, na wanalala sakafuni, kwa sababu waliambiwa ni la thamani. Mimi mwenyewe sikujua hilo. Nilikuwa nimejisifu kwa maneno ya zulia mji mzima, na wao walikuwa wanalala kwenye saruji.

Kura zikagongana sawa kwa sawa. Ikabidi meya apige ya kwake, na meya wetu anajulikana kwa kukwepa. Akatazama huku, akatazama kule, akajifuta jasho, akasema, "Ndiyo, wakae mpaka nyumba zao zikauke. Na zulia litandikwe, walilalie." Kitambaa nilichokuwa nimekiuma kilitoka na alama za meno.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Karibu na mlango mume wangu akaniambia kwamba angeruhusiwa kupiga kura, naye angesema ndiyo. Sijui kama ni kweli. Lakini kesho yake aliamka mapema, akaenda ukumbini akashinda anapandisha madumu ya maji, mgongo umelowa, hakuwa amevaa koti. Nilimfuata mchana na chakula. Nilipofika mlangoni bibi mmoja mgeni alikuwa anamuuliza, "Wewe kijana ni nani, mbona unajituma hivi?"

Akatua dumu chini, akajifuta uso.

"Mimi?" akasema. "Mimi ni mume wa diwani."