Nakshi Niliyoificha

Mjukuu wangu Mwanakombo,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Bongwe hatujambo, alhamdulillahi. Mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeniuliza kama uendelee kuwaeleza wenzako wa chuo masomo kwenye lile kundi la simu, ilhali wengine husoma tu, hata asante hawaandiki.

Usichanani mwangu tulisuka ukili wa mikeka barazani kwa shangazi. Nilibuni nakshi mbili. Ya kwanza niliwafundisha wenzangu. Ya pili, nzuri zaidi, niliisuka chumbani peke yangu, nisiigwe.

Nikaolewa, nikalea, miaka ikapita sijashika ukili. Niliporudi kusuka, nilikuwa nimezisahau zote mbili. Ya kwanza alinirudishia Mwanaisha, yule aliyekuwa akikaa pembeni akitazama tu, hasemi neno. Ya pili sikuwa na wa kumuuliza.

Hata sasa, nikisinzia baada ya adhuhuri, naiona ikijisuka yenyewe, nyekundu kwa nyeusi, inakwenda, inakwenda, mpaka inajaza chumba. Nikifumbua macho, vidole vyangu vinapapasa mkeka mtupu.

Nisalimie wenzako wote wa kundini, hasa hao wanaosoma kimya.

Ni mimi bibi yako,
Mwanamisi