Picha Yangu Nayo Ina Weupe

Ngara, Nairobi

Kwako Mwaitu, mama yangu,

Pokea salamu za mwanao. Magoti bado yanakubali kupanda kilima cha shamba? Mvua imefika huko Kitui? Mimi ni mzima kiasi, ila leo nina neno, nami nitalisema bila kulifunika.

Mama, nimemwonea Kioko wivu, ndugu yangu wa tumbo moja. Mgongo wake ulipokakamaa, picha ya MRI ilionyesha madoa meupe sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Daktari akasema ni baridi yabisi, na palipo na weupe ndipo ugonjwa unapowaka. Ukapanda basi na mtungi wa asali, ukamuuguza nyumbani kwake hapa Nairobi, mtaa wa Jamhuri, mwezi mzima. Mimi nilikuwa naamka nimekauka kama gogo, nanyooka tu baada ya kushona nguo mbili tatu, na bado uliniita mvivu.

Mwishowe nilienda kwa daktari yuleyule, na zamu yangu ya picha ilipokaribia, Kioko alinigawia vidonge vyake vya maumivu. "Meza hizi dawa, Mwende, ndio uweze kulala kwa hiyo mashine bila kusonga." Nikameza wiki mbili. Picha ikatoka safi. Ukaniambia kwa simu, "Mungu ashukuriwe, sasa wacha visingizio." Nililia, Mama. Nani hulilia afya? Mimi nililia.

Daktari ndiye aliyeniuliza, "Kuna dawa ulikuwa unakunywa?" Nilipomwambia, akatikisa kichwa. "Hizo zinatuliza ule moto, picha inakosa kuuona. Tutarudia, na safari hii uziache kwanza."

Bila vidonge sikuweza hata kufunga viatu. Kioko alikuja kila asubuhi kuniinua kitandani, na mgongo wake mwenyewe haujapona. Nilimshika mkono huku bado namchukia.

Majibu ya picha ya pili yalitoka jana. Madoa yangu ni makubwa kuliko yake ya kwanza, na yake ya sasa yamefifia, dawa imemkubali. Nilicheka kwa furaha mbele ya daktari. Kioko akaniangalia. "Sasa umeshinda nini?"

Barua hii anakuletea yeye, pamoja na picha. Iinue dirishani, weupe utauona mwenyewe. Nisalimie shangazi unayekaa naye, na mjomba anayefuga mbuzi.

Asali usitume. Njoo wewe.

Mwanao,
Mwende