Kifyatulio Chepesi

Matrah, Maskati
12 Machi 1967

Ndugu yangu mpenzi Masouda,

Salamu nyingi zikufikie huko Unguja. Mama bado anakohoa. Binti yako Hind, uliyetuachia, amehitimu juzuu amma ya Kurani, huisoma mpaka majirani wanamsikia.

Nna jambo zito. Thani, mtalaka wako, yuko hapa. Alituma mtu kusema anamtaka mwanawe ampeleke Kuwait. Nikaipeleka bastola ya marehemu baba kwa fundi wa silaha, anilainishie kifyatulio na atie nukta nyeupe kwenye ncha ya mtutu, nipate kulenga upesi.

"Kikiwa chepesi hivi kitakuponza," alinionya. "Mwenye hasira humfaa kigumu."

Sikumsikiliza.

Alkhamisi, baada ya alasiri, Thani akaja. Nikasimama mlangoni, bastola mkononi.

"Marhoon, nataka kumwona tu," akasema.

Hind alipoisikia sauti ya babake alitoka mbio, akanipiga kikumbo, na mkono wangu ukamwelekea mtoto. Thani akaruka akamkumbatia. Wallahi sikukaza kidole, nilikigusa kifyatulio tu, bastola ikalia.

Risasi ilimchana Thani bega ikaingia ukutani. Hind hana hata mkwaruzo. Mama ndiye aliyelifunga jeraha.

Nimemwambia Thani akae kwetu mpaka apone. Hind humlisha uji kwa kijiko. Lakini wewe ndiye mamake. Akipona, nimpe mtoto?

Nisamehe, Masouda. Nilidhani nnamlinda.

Nduguyo,
Marhoon