Breki na Jicho la Vimal

Baba Ketaki,

Dengu ziko jikoni, zipashe moto. Pikipiki usiitafute, iko gereji. Asubuhi kampuni imetuma ujumbe: zote za aina yetu zirudishwe, breki zina kasoro tangu kiwandani.

Kumbe siku ile nilipovamia kibanda cha maziwa, kosa halikuwa langu, wala la jicho baya la jirani yetu Vimal, kama ulivyotangaza mtaa mzima. Zile ndimu na pilipili ulizonunua utundike kwenye usukani kuzuia husuda yake, nimezitia kwenye dengu.

~~Nenda kwa Vimal ukamwombe radhi.~~ Usiende. Ndiye aliyenisaidia kuisukuma mpaka gereji, na jioni anakula kwetu. Utampakulia wewe.

Mkeo,
dereva mbovu